Ufunguo Kwenye Mtungi wa Lamar

Saa mbili asubuhi mizigo ya Vernita ilikuwa tayari barazani, masanduku mawili na kasha la zana za ufinyanzi, lakini ufunguo wa gari haukuonekana. Jana aliuacha kwenye msumari wa jikoni, kama kila siku. Kutoka Georgia hadi Santa Fe, magharibi mwa Marekani, ni mwendo wa siku tatu, na shule iliyompa kazi ilimtaka awe darasani Jumatatu asubuhi, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Umetazama mfuko wa koti?" aliuliza mama yake, Ozella, akikoroga uji mzito wa mahindi.

"Mara tatu, mama."

"Basi kula kwanza."

Vernita alikuwa na miaka arobaini na sita, na maisha yake yote alikuwa akiambiwa ale kwanza. Kazi yake ilikuwa mitungi ya kumbukumbu. Mtu akifa, jamaa zake walimletea Vernita vifungo, miwani, kiko cha tumbaku, hata meno ya bandia. Naye alifinyanga mtungi, akauchoma, kisha akaupaka saruji na kubandika vitu hivyo humo. Kaunti nzima ilimsifu. Yeye alikuwa amechoka kuwavisha wafu. Shule ile ilimtaka afundishe vijana kuunganisha udongo na chochote walichookota njiani, kwa raha tu, bila kilio.

"Shule gani hiyo inamwita mtu mzima?" Ozella alikuwa akimuuliza mwezi mzima. "Udongo uwahi ungali maji, binti. Wewe ulishachomwa zamani."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu nusunusu aliyaamini.

Alipekua chini ya makochi, kwenye kopo la unga, hadi kwenye takataka. Mwisho akaenda bandani. Mezani ulisimama mtungi wa kaka yake, Lamar, aliyefariki Februari. Vernita alikosa moyo wa kuumaliza, akauacha shingo tupu. Sasa shingo ilikuwa imevikwa. Na kati ya kinanda cha mdomo cha Lamar na saa yake ya mkono, ulichomoza ufunguo wa gari, umezama karibu wote.

Ozella alikuwa mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemaliza kazi uliyoiacha."

"Mtungini vinawekwa vitu vya waliokwenda."

"Kwani wewe huendi?"

"Mimi si maiti."

"Nitajuaje tofauti? Mwenzio yuko makaburini, wewe uko Santa Fe. Mezani viti viwili vitupu."

Hasira ilimpanda Vernita. Akachukua nyundo na patasi.

"Vunja," Ozella alisema taratibu. "Mwenye mkono ni wewe."

Vernita aliweka ncha ya patasi kando ya ufunguo, nayo ikadidimia. Haikuwa saruji. Ilikuwa puti ya kubandikia vioo vya madirisha, bado laini kama siagi. Mfuko wa saruji ulikuwa palepale chini ya meza, nusu umejaa, na Ozella alikuwa amemkorogea saruji bandani humo miaka ishirini. Hakukosea. Vidole viwili vingetosha.

Akavuta. Ufunguo ukaja bila taabu, na saa ya Lamar, iliyouegemea, ikaanza kuteleza nao. Ozella alikuwa amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili, macho kwenye saa.

Vernita aliizuia saa kwa kidole gumba, akairudisha. Haikukaa, ubavuni mwake palikuwa na tundu lililoachwa na ufunguo. Alijichukia kwa alichotaka kufanya, na akakifanya. Aliurudisha ufunguo, akaubonyeza mpaka kikabaki kichwa tu, kisha akailainisha puti kuuzunguka, kwa ustadi uleule aliowafanyia wafu wa wengine.

"Hiyo hukauka baada ya muda gani?" Ozella aliuliza, kana kwamba hajui.

"Wiki mbili."

"Basi una wiki mbili."

Jumatatu ilikuwa siku tatu tu mbele. Vernita alikwenda barazani, akaanza kuingiza masanduku ndani. Alijua kwamba kila asubuhi ya wiki hizo mbili angekwenda bandani kuigusa puti, aone kama bado ni laini, na kwamba asingeuvuta ufunguo.