Pikipiki Isiyouzika

Mume wangu alikubali kuuza pikipiki yake kwa sharti moja: kila mnunuzi aelezwe ukweli wote, na aelezwe na yeye mwenyewe. Niliona sharti hilo ni la kiungwana. Nilikuwa mjinga.

Sisi ni mafundi cherehani. Mimi nakata, yeye anashona, na duka letu liko mbele ya nyumba tunamoishi. Pikipiki ilikaa uani. Ilikuwa ya aina ya mbio, ya ukubwa wa kati: si ile nyepesi ya kubebea abiria, wala lile dude linalohitaji watu wawili kuliinua likianguka. Usukani wake uko chini, hivyo mwendeshaji huinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mume wangu, ambaye wote humwita Fundi, aliinama hivyo kila asubuhi kwenda kuchukua vitambaa, na kila likizo kwenda mbali, nami nikiwa nyuma yake kwenye kijikiti kilichoinuka, kama kuku juu ya kabati.

Sikuwa na ugomvi nayo mpaka viganja vyake vilipoanza kufa ganzi. Wakati huo tulikuwa tunashona sare za benki, na kola zikawa zinatoka zimepinda. Shati la meneja likarudishwa.

"Akilivaa," alisema aliyelileta, "anaonekana kama anasikiliza kitu mlangoni."

Nikamwambia Fundi, "Baba watoto, viganja vyako ndivyo vinavyotulisha. Chagua." Akachagua viganja, akaweka sharti lake.

Katika chumba cha kukatia nasikia kila linalosemwa uani. Wa kwanza kuja alikuwa mteja wetu, mwalimu wa hesabu, aliyetaka usafiri wa kwenda kazini.

"Kila siku?" Fundi alishusha pumzi. "Mwalimu, sitakuficha. Hii ni ya safari ndefu. Kwenye foleni injini inapika mapaja. Ukifika darasani hutaweza kukaa."

"Mimi hufundisha nimesimama."

"Na klachi je? Utaikamua mpaka vidole vishindwe kushika chaki."

Mwalimu akaaga kwa huzuni. Wa pili alikuwa mpiga picha za harusi, mtu wa kwenda mji hadi mji.

"Safari ndefu?" Fundi alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, hii ni ya mjini. Mizigo utaiweka wapi? Kamera utabeba mgongoni, na mgongo wenyewe utakuwa umeshakufa. Barabara ikiwa mbovu, utaimba bila kupenda."

Mpiga picha akaondoka akimshukuru kwa uaminifu wake.

Kilichoniudhi ni kwamba hapakuwa na uongo hata mmoja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wangu alilitia maji kabla hajasifiwa.

Basi nikamwita shangazi yangu. Shangazi alikuwa afisa mifugo. Maisha yake yote ya kazi alizunguka kutibu ng'ombe kwa pikipiki, na amestaafu akiwa na magoti mazima na mdomo mkali. Nilimpa kazi moja: aje kama mnunuzi, aiponde pikipiki bila huruma. Namjua mume wangu. Anaweza kuwasema watoto wake mchana kutwa, lakini jirani akithubutu kuwasema, ni vita. Na ili sifa zisipotee bure, nilimwita Mwalimu aje kujaribu suruali yake saa hiyohiyo. Nilimsimamisha nyuma ya pazia, karibu na dirisha la uani, suruali imejaa pini.

"Tega sikio, Mwalimu," nilimnong'oneza. "Na usikae."

Shangazi aliizunguka pikipiki, akaligonga gurudumu kwa kiatu.

"Mkwe, ndiyo hii? Niliambiwa pikipiki. Huyu ni panzi."

"Panzi, shangazi?"

"Panzi aliyepakwa rangi. Tena nasikia anaunguza mapaja."

"Inaunguza ukisimama! Nani kakwambia usimame? Ni nyembamba, inapenya pale magari yanapokwama. Naingia nayo mjini kila siku, nafika shati halina mkunjo."

Mwalimu alinitazama. Nilimwashiria anyamaze.

"Na viganja?"

"Viganja vinamuuma anayeegemea usukani. Bana tangi kwa magoti, tumbo lishike mwili, mikono iwe myepesi kama umeshika yai." Alisita. "Mimi nilikuwa mvivu tu."

Hilo lilikuwa jipya kwangu.

"Haina nguvu," Shangazi aliendelea. "Mlimani itakohoa."

"Ikohoe! Nimepanda nayo milima nimembeba mke wangu na mizigo yake, na wewe unamjua binti yenu, hasafiri na mfuko mmoja. Mafuta inanusa tu. Na ukiinama, shangazi, upepo unapita juu yako, dunia nzima inanyamaza, mnabaki wewe na barabara."

Niliweka mkasi chini.

"Naichukua," alisema Shangazi.

Hilo halikuwa katika mpango. Nilichungulia dirishani. Alikuwa ameshapanda, magoti yamebana tangi, mikono imeshika yai.

"Haiwezekani!" Mwalimu alilirusha pazia kando. "Mimi ndiye niliyetangulia!"

Alikwenda hatua mbili, pini zikamkumbusha suruali. Aliingia uani akirukaruka, na kama palikuwa na panzi mahali pale, hakuwa pikipiki.

Fundi alimtazama Mwalimu, akamtazama Shangazi, akanitazama mimi dirishani.

"Mama watoto, mmenitega."

"Umejitega kwa mdomo wako."

"Mwalimu," alisema Shangazi akivaa helmeti, "wewe uliambiwa ubaya wake ukakimbia. Mimi nimekuja nikiujua wote. Nani mwenye mapenzi hapa?"

Akawasha injini, akaondoka.

Sasa kila Jumamosi huileta ili Fundi aikague. Ukaguzi huanza asubuhi na kwisha jioni, na mkaguzi hurudi na wadudu kwenye kioo cha helmeti. Kola zimenyooka. Viganja havifi ganzi tena, kwa kuwa magoti sasa yanafanya kazi yao.

"Kumbe ulijua dawa tangu mwanzo," nilimwambia. "Mbona hukusema?"

"Hukuitukana vya kutosha."

Juzi Shangazi aliagiza kijikiti cha nyuma kiongezwe sponji. Fundi amekishona mwenyewe. Niliupima mshono kwa rula, sikuona kosa. Jumamosi nitakikalia. Lakini nimekwisha kumwambia kwamba ni kibaya kabisa, naye alikitetea mpaka chakula kikapoa.