Kisahani cha Kumi na Tisa

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini wiki ya tatu ya mafunzo ya utafiti, mtoto wa watu alitulia tuli kama maji mtungini.

Walikuwa wanafunzi wanane wa chuo wenye ndoto za udaktari, waliochaguliwa kutumia likizo yao ndefu kwenye maabara ya hospitali, ghorofa ya nne, ambako lifti ilikuwa pambo tu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuhesabu. Alikabidhiwa visahani ishirini na nne, kila kimoja kina seli za moyo zilizokuzwa kutokana na damu ya mtu, zikalelewa kwenye kabati la joto miezi na miezi hadi zikawa misuli. Na misuli hiyo, usiombe, ilikuwa inadunda. Ukiweka jicho kwenye hadubini unaiona ikijikunja na kujikunjua, haina mwili wala mwenyewe.

Visahani vilikuwa na namba tu. Nusu vya wagonjwa, nusu vya wazima, na anayehesabu hatakiwi kujua kipi ni cha nani, asije akaona anachotaka kuona. Daftari la majina lilifungiwa kwenye meza ya Dakika, fundi wa maabara, mzee aliyevaa saa mbili na kuziamini zote.

Namba kumi na tisa ndiyo iliyomfunga Chiriku mdomo. Ilidunda mara tatu, ikasita, ikadunda moja nzito. Tatu, kimya, moja. Mdundo huo aliujua kabla hajajua kuhesabu. Alilala kifuani kwa bibi yake mpaka alipoanza shule, na bibi alikuwa akicheka: "Moyo wangu unachechemea, mjukuu wangu, lakini unafika." Siku moja haukufika. Bibi alianguka akianua nguo kambani, miaka sita iliyopita.

Basi Chiriku akawa anawahi kazini ili akae na kumi na tisa. "Shikamoo, bibi," alinong'ona, akijua fika kwamba ni upuuzi, na akijua pia kwamba hajapata furaha kama ile tangu mazishi. Ila hesabu ya kisahani hicho haikutulia. Siku aliyochelewa akapanda ngazi mbio, kilidunda mara mia na nne kwa dakika. Siku aliyokunywa chai kwanza, sabini na mbili. Vingine vyote havikubadilika.

"Unahesabu au unapiga ramli?" Dakika alimuuliza, kidole kikiwa kwenye karatasi yake.

"Ndivyo kinavyodunda, mzee wangu."

"Hakuna kisahani kinachopanda ngazi, binti."

Ulikuwa mzaha, na Chiriku alicheka, lakini nywele zilimsisimka.

Ijumaa ya mwisho visahani huuawa, ndiyo kanuni. Saa nne asubuhi Dakika alivaa glavu, akachukua chupa ya klorini na kuanza na namba moja. Tone moja, na misuli inaacha kudunda. Chiriku aliandika muda wa kila kifo, na mwandiko wake ukazidi kuharibika. Walipofika kumi na saba, alishindwa.

"Mzee, kumi na tisa usikiue. Nakuomba. Ni bibi yangu."

Akamweleza yote, machozi yakimtoka. Dakika alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Pole sana. Lakini utafiti huu una miaka miwili tu, na bibi yako ana miaka sita kaburini. Damu yake tungeitoa wapi?"

"Basi tazama kwenye daftari. Kama si bibi, kimwage."

Dakika hakuwahi kulifungua mbele ya mwanafunzi. Siku hiyo alilifungua. Alifuata mstari kwa kidole, akasoma, akatazama saa ya kushoto, kisha ya kulia.

"Hiki ni cha wazima," alisema polepole. "Na wazima wetu ni nyinyi. Unakumbuka siku ya usaili, mwezi wa pili, mlitolewa damu? Profesa husema vijana wa chuo ni wazima, wapimwe nini. Kila mwaka tunafanya hivyo." Akafunga daftari. "Hakuna aliyewapima."

Chiriku aliweka vidole viwili shingoni na jicho kwenye hadubini. Tatu. Kisahani kikasita, na chini ya vidole vyake hapakuwa na kitu. Kisha moja nzito, kule na huku, kwa pamoja.

Dakika alikaza kifuniko cha chupa ya klorini, akaiweka mbali, juu ya kabati.

"Kliniki ya moyo iko chini kabisa. Nenda sasa hivi. Na ngazi usikimbie."

"Na wewe, mzee?"

Alikuwa ameshavuta kiti na kuinamia hadubini. "Mimi niko nacho hapa. Nenda, mjukuu wangu."

Chiriku alishuka ngazi moja moja, mkono ukutani. Mlango wa maabara ulikuwa wazi, na sauti ya Dakika ilimfuata akihesabu midundo, tena na tena: moja, mbili, tatu, kituo, nne. Ghorofa ya pili sauti ilifika tatu, ikanyamaza. Chiriku alisimama, mguu mmoja hewani, akimsubiri mzee aseme nne.