Kiti cha Namba Moja

Kila jua lilipoanza kuzama, Kristina aliitwa kwenda kuliwa.

"Shikamoo, mama," Melkizedeki alimwambia, maana adabu hiyo mwenye gesti hakuikosa hata siku moja. "Namba moja iko tayari."

"Marahaba, mwanangu," Kristina alijibu. Akaingia chumba namba moja, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akapandisha kanga mpaka magotini. Mbu wakaja. Kazi yake ilikuwa wampate yeye kabla hawajampata mgeni. Wengine aliwaua kwa kofi, wengine walikunywa wakaenda kulala kwenye pazia. Ikifika saa moja na nusu alitoka akijikuna, mgeni akaingia na begi lake.

Dawa hiyo Melkizedeki aliitoa kichwani mwake mwenyewe, na kichwa kile kilikuwa na nafasi. "Mbu ni kama mwalikwa wa harusi," alisema. "Akishashiba hachungulii sufuria nyingine."

Kristina alikuwa na miaka sitini na miwili. Asingekikalia kiti hicho hata siku mbili, kama si Pendo. Pendo, mjukuu wake, alifua mashuka kwenye gesti hiyo hiyo, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki walimpa neti, wakamwonya kwamba malaria ikimgusa yeye itamgusa na mtoto. Siku Kristina alipolalamika, Melkizedeki alimjibu kwa upole kabisa, "Ukichoka usijali, mama. Yupo Pendo. Damu changa ile, watashiba upesi."

Tangu hapo Kristina hakuchoka tena.

Mbu wenyewe hawakuwa na siri. Walizaliwa uani, kwenye tangi la saruji lililokinga maji ya mvua. Mfuniko wake wa bati ulihamishwa zamani ukawa mlango wa banda la kuku. Bwana afya wa kata alipokuja, alichota kikombe kimoja tu, viluwiluwi vikacheza ndani kama vimepigiwa muziki.

"Mwaga haya maji," akasema.

"Nimwage maji, Singida?" Melkizedeki akashika kiuno. "Bwana, wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Basi funika. Au weka samaki wadogo, watavila vyote."

"Wageni wangu waoge supu?"

Bwana afya akaandika karatasi, akaondoka. Karatasi ikawashia jiko. Lakini Kristina alikuwa anafagia uani, na masikio yake yalikuwa mazima.

Jumapili akaenda Mtinko kwa kaka yake Hezekia, palipo na lambo, akaomba ndoo moja ya perege, kila mmoja sawa na kidole.

"Mboga gani hii, dada? Haishibishi hata paka!"

"Si mboga, ni askari."

Kesho yake kabla gesti haijaamka akawamimina tangini. Wiki ya tatu akasinzia kwenye kile kiti mpaka akakoroma, mgeni wa watu akarudi mapokezi kulalamika kwamba chumba chake kina mwenyewe.

"Umeona?" Melkizedeki akajigamba. "Tumewashibisha mpaka wamekoma! Nilisema mimi."

"Una akili nyingi, mwanangu. Pole."

Kiti kikarudi stoo. Mimba ya Pendo ikafika mwezi wa saba, miguu yake laini, haina alama hata moja.

Ndipo wakaja watu wa semina ya alizeti, ishirini kwa hesabu, nyama ikaisha siku ya kwanza. Melkizedeki akainama tangini kuchota maji, akaona mkia.

"Mama Kristina! Njoo uone baraka!"

Kristina akaja mbio, akamshika mkono. "Waache hao. Niliwaweka mimi. Ndio wanaokumalizia mbu."

Melkizedeki akamtazama kwa huruma. "Mbu wamemalizwa na kiti, mama."

"Acha hata watano."

"Wageni ni ishirini, mama."

Wakakaangwa wote. Watu wa semina wakalamba vidole, mmoja akauliza ni samaki wa ziwa gani watamu namna ile.

Hazikupita wiki mbili, kiti kikatoka stoo. Kiangazi kilikuwa kimeshika, lambo la Mtinko limebaki tope, hakuna cha kuchota tena. Kristina akakikalia jioni baada ya jioni, mpaka homa ikamwangusha, akalazwa zahanati.

Siku ya tatu Pendo akamletea uji. Alikuwa amejifunga vitenge viwili mpaka visiginoni, na joto lile.

"Funua," bibi akasema.

"Nasikia baridi tu, bibi."

"Funua, Pendo."

Miguu yote ilikuwa vipele, toka vifundoni mpaka mapajani.

"Alisema ni mpaka utakapopona tu," Pendo akasema. "Alisema kwa upole."

Wiki iliyofuata homa ikamshika Pendo naye. Mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, wa kiume. Hakulia.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya gesti, ukuta mmoja tu kutoka kwenye tangi. Melkizedeki alikuja msibani jioni, amevaa suti, amebeba kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mama."

Kristina hakuitikia. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakaacha kupepeta. Viti vya msiba viliazimwa gesti, na kile cha namba moja kilikuwemo. Alikivuta mwenyewe, akakiweka ukutani, upande wa tangi.

"Kaa."

Akakaa. Jua lilikuwa linazama. Haukupita muda akajipiga shingoni.

"Usiwafukuze, mwanangu," Kristina akasema, na watu wote wakasikia. "Akishashiba hachungulii sufuria nyingine."

Na mtu haondoki msibani kabla ya kuagana na mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba akaingia ndani, akaketi na mjukuu wake kitandani.

Nje ikasikika paa! Kimya kidogo. Paa!

"Bibi," Pendo akauliza, "nani anapiga makofi msibani?"

"Bosi wako. Analiwa."

Pendo hakucheka. Aligeukia ukutani. Kristina akaishusha neti ya kliniki, akaichomeka chini ya godoro pande zote, vizuri, kama walivyoelekezwa.