Namba Zilizopanga Foleni

Chumba cha mtambo mkuu kina baridi ya makusudi. Mashine haipendi joto, na binadamu atajijua mwenyewe. Mwenzangu wa zamu huvaa koti zito mwaka mzima, hata anapotoka kwenda kula mchana jua likiwaka, ndiyo maana jengo zima linamwita Kipupwe. Mimi huvaa sweta mbili na hasira. Tumebaki sisi wawili tu humu ndani, tunahudumia mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo, na ndani yake wamo wanachama wote wa mfuko wa bima ya afya: nani ameoa nani, nani ana watoto wangapi, kadi ya nani iko hai na ya nani imekufa.

Hapo kwenye kadi ndipo roho yangu ilipo. Mume wangu figo zake zote mbili zimegoma. Kila wiki anakwenda hospitali kulala kando ya mashine inayomsafisha damu, na ile mashine haiendi kwa maneno matamu, inataka kadi. Kadi yake inaning'inia kwenye yangu, na yangu ni ya mfanyakazi. Siku nikimwaga unga, zote mbili zinakufa pamoja. Hakuna bima nyingine itakayompokea mtu aliyekwisha kuugua kiasi kile. Tuliuliza huku na huku, wakatujibu kwa adabu sana.

Kwa hiyo meneja wa mifumo aliposhuka kwetu asubuhi moja, akisugua viganja kwa ajili ya baridi, nilimsikiliza kwa masikio yote.

"Mama Mtambo," alisema. Ndivyo wanavyoniita huko ghorofani, sijawahi kujua kama ni heshima au kejeli. "Wakubwa wanauliza hii mashine ya kazi gani. Hospitali zinapiga simu kaunta kuuliza kama kadi ya mgonjwa ni halali, wanawekwa kwenye laini mpaka mgonjwa anasinzia. Wanataka hospitali ziingie kwenye tovuti, ziandike namba ya mwanachama, zipate jibu palepale. Mnaweza?"

"Tunaweza," nilijibu kabla Kipupwe hajafungua mdomo.

"Mkiweza, mtambo utakuwa na sababu ya kuwepo. Msipoweza, mimi sitakuwa na la kuwatetea."

Alipotoka, Kipupwe alinigeukia. "Dada, tunaweza tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Kazi yenyewe, kwa lugha ya nyumbani, ilikuwa hivi. Seva ya wavuti ni mpokea wageni, inakaa mlangoni. Programu inayojua habari za wanachama iko ndani kabisa na haitoki. Katikati unaweka programu-jalizi, kitu kidogo kinachosikiliza ombi likifika mlangoni, kinachungulia kwenye faili lake la usanidi kujua ombi la aina hiyo lipelekwe wapi, kisha kinalipeleka na kurudi na jibu. Sisi tuliiita jalizi tu. Bila lile faili, jalizi ni sawa na mhudumu mgeni ambaye hajaonyeshwa vyumba.

Kuisakinisha hakukututoa jasho. Ni katika kuisanidi ndipo tulipokiona cha mtema kuni. Seva ikawaka, jalizi ikapakiwa bila kulalamika, tukafungua ukurasa, tukaletewa hitilafu. Tukarudia, hitilafu ileile. Tukapekua ruhusa za kila saraka, yaani kila folda ya mafaili, tukabadilisha lango, tukaomba cheti kipya cha usalama. Faili la usanidi tulilisoma mpaka Kipupwe akawa analighani akienda chooni. Lilikuwa safi, kila mstari mahali pake, halina hata nukta iliyopotea. Meneja akaanza kunipita kwenye ngazi bila salamu, nikajua nimekalia kuti kavu.

Nyumbani mume wangu alikuwa ananisubiri kitandani, miguu imevimba, anamumunya kipande cha barafu kwa sababu maji ya kunywa anapimiwa.

"Mashine yako imeshindaje?" aliuliza.

"Inanichukia."

"Basi tubadilishane. Yangu inasafisha damu, yako inachafua ndoa." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Sikumwambia kwamba mashine zile mbili zilikuwa zimefungwa kamba moja. Alikuwa na mizigo yake ya kutosha.

Kosa letu lilikuwa la watu wa mtambo mkuu, mtu mwingine yeyote asingelifanya. Mashine hii ina alfabeti yake. Herufi ambayo kompyuta zote za nje zinaiandika kwa namba fulani, yenyewe inaiandika kwa namba nyingine kabisa. Hivyo kila faili linalotoka nje tunaligeuza liingie katika alfabeti ya mtambo. Tumefanya hivyo tangu tuajiriwe, mkono unafanya wenyewe, huulizi. Jalizi, kwa ukaidi wake, ilitaka faili lake libaki vilevile lilivyotoka nje. Faili tulilokuwa tunalisoma vizuri, yenyewe ilikuwa inaliona takataka. Siku niliyoliacha bila kuligeuza, kwenye skrini yetu likaonekana kama paka amelala juu ya kibodi. Tukawasha seva upya, ukurasa ukafunguka.

Kipupwe alitoa macho. "Yaani siku zote hizi tulikuwa tunalitengeneza mpaka linaharibika?"

Nilimkumbatia pamoja na koti lake. Nililia pia, sioni haya kusema.

Basi tukawa watu. Meneja alituletea soda na keki, akatupiga picha tumesimama mbele ya mashine. Hospitali zikaanza kuuliza kupitia tovuti. Simu za kaunta zikazimwa, mabinti waliokuwa wakizipokea wakahamishiwa masjala. Skrini yangu ikawa inaonyesha kila ombi linapopita: namba ya mwanachama, hospitali inayouliza, jibu. Namba zilikuja shaghalabaghala, mtoto wa huku, bibi wa kule, aliyevunjika mguu, anayetaka kujifungua. Nilikuwa naweza kukaa nikizitazama kama mtu anayetazama watu sokoni. Usiku wa siku ile ya keki nilimwambia mume wangu kila kitu, kuanzia tishio hadi kuti kavu, maana sasa lilikuwa limepita. "Tumepona," nilimwambia. Akasema nimfungulie dirisha, amesikia joto ghafla.

Siku chache baadaye Kipupwe aliniita kwenye skrini. "Dada, hebu njoo uone hii."

Namba zilikuwa zinapita kwa mpangilio. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinafuatana bila kuruka hata moja, zote zinatoka anwani moja ambayo haikuwa ya hospitali yoyote. Kati yao yalichomoza maombi machache ya hospitali, yakamezwa.

"Wagonjwa hawaugui kwa mpangilio," alisema Kipupwe.

Nilipanda ngazi na sweta zangu mbili. Meneja alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza nilichokiona nikidhani namletea habari ya wezi.

"Ah, hao ni wakandarasi," alisema. "Wanahamisha kumbukumbu. Tumekodi mtambo mpya, uko huko nje kwa wenyewe. Shida ilikuwa namna ya kuzitoa kumbukumbu kwenye hiyo mashine yenu, haielewani na kitu chochote. Sasa mmefungua mlango. Kazi nzuri sana, Mama, nimewasifu kwenye kikao."

"Ulisema mtambo utakuwa na sababu ya kuwepo."

"Unayo. Mpaka wamalize."

"Na sisi?"

Aliweka kikombe chini taratibu. "Rasilimali watu watawaita. Mtapewa stahiki zenu zote, hamtadhulumiwa."

"Mume wangu anasafishwa damu kwa kadi yangu."

Sikusema kwa sauti kubwa. Alinitazama mara moja, akageukia dirishani. Nadhani alisikitika, na nadhani hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Kadi ni ya mfanyakazi, Mama. Kanuni unaijua kuliko mimi. Mtambo wako ndio unaoitekeleza."

Nilishuka nikishika ukuta. Namba zilikuwa bado zinapita, hazina haraka, hazina wasiwasi. Nilikaa nikafungua saraka ya jalizi. Nakala ya zamani ya faili la usanidi ilikuwa bado ipo, ile tuliyoigeuza kwa alfabeti yetu, safi, yenye kusomeka. Niliirudisha mahali pake.

"Dada," alisema Kipupwe. "Watakufunga."

"Kwa kosa gani? Kugeuza faili? Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

"Wataliona."

"Waje waone. Waje wenyewe wakae humu kwenye barafu walitafute kosa kama tulivyolitafuta sisi."

Nikaizima seva na kuiwasha upya. Ombi la kwanza la wakandarasi likaja, likapigwa hitilafu. La pili hitilafu, la tatu hitilafu. Baada ya hapo programu yao nadhani ilikata tamaa, maana skrini ilitulia. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba watahangaika, wiki zitapita, mwezi utapita, na kila wiki ni kitanda kimoja zaidi cha mume wangu. Kipupwe alijifunga koti mpaka shingoni, akakaa.

Simu yangu ikalia, ni mume wangu. Kwa vurugu zile nilikuwa nimesahau kwamba ilikuwa siku yake ya hospitali.

"Mke wangu," alisema, pumzi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi. "Hapa mapokezi wanasema ukurasa wenu unaleta hitilafu. Hawawezi kunilaza mpaka kadi ionekane."

"Waambie wapige simu kaunta."

"Wamepiga, haipokelewi. Si mlizifunga wenyewe?"

Nilisikia sauti ya muuguzi nyuma yake, akimwambia mtu mwingine asogee karibu, kuna kitanda kinaweza kupatikana.

"Wanakishikilia kwa muda mdogo tu," aliendelea. "Kuna bwana mmoja yuko nyuma yangu. Nimewaambia wasiwe na wasiwasi, nina mke hukohuko kwenye mashine." Alijaribu kucheka. "Usiniaibishe."

"Umevimba?"

"Kidogo. Kifua kinabana tangu asubuhi."

Niliitazama skrini iliyotulia. Sikuwa na njia ya kumfungulia yeye peke yake. Jalizi haimjui mtu. Ina mlango mmoja, ukiwa wazi wanapita wote, ukiwa umefungwa hapiti yeyote, na mimi ndiye niliyeuchagua uwe hivyo kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa rahisi. Kugawa njia mbili kungechukua siku nzima. Yeye alikuwa amesimama kwenye foleni.

"Waambie wajaribu tena baada ya dakika moja," nilisema.

Niliweka simu mezani bila kuikata. Nikalirudisha lile faili baya, lisilosomeka, lenye sura ya paka aliyelala juu ya kibodi. Kipupwe alisogea karibu yangu akaizima seva mwenyewe, akaiwasha, nisiwe nimefanya peke yangu. Tukasubiri.

Ombi la kwanza kupita lilitoka hospitali. Lilikuwa na namba yangu, ikiwa na herufi ya mwenzi mwishoni. Jibu likarudi: kadi ni hai.

"Imekubali!" Sauti yake ilitoka mezani. "Umewaambia nini hao wenye mashine?"

"Nimewaambia wafungue."

"Wameniita kitandani. Kumbe ile jalizi yenu inafanya kazi kweli. Wiki ijayo lakini msitusumbue hivi."

"Wiki ijayo hatutakusumbua," nilimwambia, akakata simu.

Wakandarasi nao walikuwa wamejaribu tena. Namba zao zilianzia palepale zilipokuwa zimeishia, moja nyuma ya nyingine, zikielekea kwenye fungu la wafanyakazi. Yangu ilikuwa humo ikisubiri zamu yake, na mume wangu ameandikwa chini yangu.