Darasa la Mchanga

Bi Zamda, mkufunzi wa fizikia katika chuo cha ualimu, alirudi ofisini mchana ule akiwa amechoka roho kuliko mwili. Asubuhi alikwenda kumkagua mwanachuo wake, Lukresia, akifundisha shule ya jirani. Lukresia alilijua somo barabara, lakini aliposimama mbele ya watoto sauti ilimkauka, akaugeukia ubao, wakamcheka, akatoka mbio. "Madam, ualimu basi," alisema huku akilia. Ndipo Zamda alipokumbuka alivyowakataza wanafunzi wake kwenda kwa Mwalimu Mgonja wa sanaa za maonyesho, aliyetaka kuwafunza walimu wa masomo yote kupumua, kusimama na kutumia sauti. "Fizikia si maigizo," alimjibu mbele ya watu. Akiwa katika mawazo hayo, usingizi ukamchukua pale pale kitini.

Akajiona katika nchi isiyo na upepo, ardhi yake mchanga mweupe kama vumbi la chaki. Langoni alisimama Kiburi, kavaa joho, akampisha kama mtu wa nyumbani. Ndani, Mazoea alikuwa akisoma kwa sauti moja bila kuinua uso, na mbele yake watoto walikuwa wakizama, wengine hadi kiunoni, wengine hadi kidevuni, huku Woga akipita kati yao akiwaziba midomo. Zamda akapiga kelele, sauti haikutoka. Mwanamke mmoja, miguu peku, akamshika bega. Jina lake Pumzi.

"Usipige kelele," alisema. "Simama imara. Vuta hewa hadi tumboni. Mtazame mmoja, nyamaza mpaka naye akutazame, ndipo useme naye."

"Na hawa wengine?"

"Hao umewachelewa."

Zamda akatii. Binti aliyezama hadi shingoni akainua macho. "Nipe mkono," Zamda alimwambia, na sauti ikatoka. Mkono ukachomoka mchangani, lakini pande zote vichwa vilizidi kutoweka kimyakimya.

Akazinduka, jasho likimtiririka. Hapo ndipo ilipomwingia: alimpa Lukresia somo, akamnyima namna ya kulifikisha. Alikimbilia bwenini. Godoro la Lukresia lilikuwa limekunjwa. Wenzake walisema ameshapanda basi la kwao. Zamda alipiga simu, haikupokelewa.

Jioni, akifuatana na wanafunzi wake, alimkuta Mgonja ukumbini akisogeza viti.

"Mwalimu, nimekuletea darasa langu," alisema. "Mmoja amepungua."

Mgonja alikiweka kando kiti alichoshika. "Vueni viatu," aliwaambia. "Na wewe pia, Bi Zamda."