Ndewe za Kibogoyo

Maswali alibandika mpango wake ukutani sebuleni, juu ya redio, mahali ambapo hata asiyetaka kuuona angeuona. Aliuandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi ya boksi la feni. Mwaka wa kwanza: urithi, chembe hai, asili ya binadamu. Mwaka wa pili: mifupa, nyani na sokwe, takwimu. Mwaka wa tatu: utafiti wangu mwenyewe. Bibi yake ndiye aliyempa jina la Maswali, zamani, alipochoka kuulizwa kwa nini paka ana mkia na yeye hana.

"Anthropolojia ya kibayolojia," baba mdogo alisoma, akilitafuna jina kama mtu aliyekuta mchanga kwenye chakula. "Huu ni ugonjwa au ni dawa yake?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Baba mdogo alikuwa fundi wa mageti. Tangu baba yake Maswali afariki, yeye ndiye aliyekuwa akisema na nyumba nzima inanyamaza. Karo ingetoka mfukoni mwake au isingetoka popote.

"Ni elimu ya binadamu, baba mdogo, upande wa mwili. Tulikotoka, tunavyofanana, tunavyotofautiana."

"Binadamu namjua. Ukimtengenezea geti analalamika linapiga kelele. Ukilitia grisi analalamika limemchafulia shati." Akang'oa kadibodi ukutani na kuilaza mapajani. "Nionyeshe kitu kimoja ambacho elimu yako inakijua na mimi sikijui. Kimoja tu. Ukishindwa, kesho unaanza cherehani."

Maswali alitazama huku na huku. Mle ndani walikuwemo bibi, wifi yake aliyekuwa mjane wa kaka yake mkubwa, na binti wa wifi huyo, Kibogoyo, aliyekuwa amepoteza meno ya mbele na kila akicheka alifunika mdomo. Mama na mwana waliishi katika vyumba viwili vya mbele, vinavyotazama barabara. Kila mtu alijua baba mdogo alivyovimezea mate vyumba vile kwa ajili ya karakana yake.

Kikamjia kitu alichokisoma kwenye kitabu chakavu cha shule.

"Ndewe," alisema. "Hii nyama laini ya chini ya sikio. Kuna watu zimeshikana na shavu, kuna watu zinaning'inia. Ni urithi mtupu. Wazazi wote wawili wakiwa na za kushikana, hawawezi kuzaa mtoto mwenye za kuning'inia."

"Hebu!" Bibi akajipapasa. "Zangu zinaning'inia kama nguo kwenye kamba!"

Wakacheka. Hata wifi alicheka, huku akirudisha nywele nyuma ya sikio, na hapo ndipo Maswali alipoona. Za wifi zimeshikana. Akainua macho kwenye picha ya marehemu kaka yake: zimeshikana. Kibogoyo alikuwa amekaa sakafuni, na hereni zake ndogo zilichezacheza kwenye ndewe laini, zilizoachana kabisa na shavu.

Baba mdogo hakuwa akicheka. Mtu anayepima vyuma kutwa nzima ana jicho. Alitazama picha, akamtazama wifi, akainama na kukishika kidevu cha mtoto, akakigeuza upande huu, kisha upande ule.

"Rudia ile ya wazazi," alisema taratibu.

Maswali angeweza kusema amekosea. Ulimi ulikuwa wake. Lakini kadibodi ilikuwa chini ya mkono wa baba mdogo, na vidole vile vinene vilikuwa juu ya mwaka wa kwanza.

Akarudia.

"Wifi," yule mjane alisema kwa sauti ndogo. "Hata wewe?"

Wiki ile ile magodoro ya wifi na Kibogoyo yalitoka nje. Bibi alilia kidogo, kisha akasema damu haifichiki, akaenda kulala. Karo ikalipwa.

Chuoni, kila mwanafunzi mpya alikaa na mshauri wa masomo kuupanga upya mpango wake. Wa Maswali alikuwa mama mmoja mwenye fuvu la plastiki mezani, amelivika miwani yake. Alihamisha takwimu zikaja mbele, akaongeza somo la vinasaba, kisha akauliza ni nini kilichomvutia. Maswali akamweleza habari za ndewe.

Mama yule alicheka kwa moyo mweupe. "Hiyo tunaifundisha wiki ya kwanza ili tuizike! Ndewe ni za kila namna, na vinasaba vinavyozitengeneza ni vingi mno. Wazazi wa kushikana wanazaa wa kuning'inia kila siku. Ni hadithi ya vitabu vya zamani, mwanangu. Haijamuumiza mtu."

Maswali alitabasamu.

Siku ya mapumziko alimtafuta wifi, akampata kwenye chumba cha kupanga nyuma ya dobi, kuta zimelowa mvuke. Kibogoyo alimkimbilia. Masikio yake yalikuwa mekundu, yamevimba, yana maganda ya kitu cha manjano.

"Gundi ya viatu," wifi alisema, hata bila kuinuka. "Anabandika ndewe zishikane, ili turudi nyumbani. Nikimnyang'anya anaokota nyingine kwa fundi viatu."

Maswali alimpokonya mtoto kichupa cha gundi, akakitia kwenye mkoba wake. "Wifi, ilikuwa uongo. Nimefundishwa. Ile kanuni haipo."

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Kamwambie baba yako mdogo."

Maswali akamshika Kibogoyo mkono, wakaenda nyumbani. Vile vyumba vya mbele vilikuwa vimegeuka karakana tayari, cheche zinaruka pale kilipokuwa kitanda. Bibi alikuwa kibarazani anaota jua. Baba mdogo alizima mashine, akasikiliza mpaka mwisho, akavua glavu.

"Kwa hiyo ile elimu ni ya uongo."

"Ile kanuni tu, baba mdogo..."

"Mimi sikununua kanuni. Uliniambia elimu inajua, nikalipa. Kama haijui, nalipia nini? Nenda kwenye cherehani, na huyu na mama yake warudi vyumbani mwao, mimi nitahamisha mitambo yangu. Kama inajua, endelea na miaka yako mitatu. Chagua, nina kazi."

Maswali aliiona mifupa imepangwa mezani, imeandikwa namba. Aliwaona sokwe. Aliuona utafiti wake mwenyewe. Kiganja cha mtoto kilikuwa kimelowa jasho ndani ya chake.

"Inajua," alisema.

"Sema kwa sauti. Bibi yako hasikii vizuri."

"Inajua, bibi! Ndewe hazidanganyi!"

Bibi aliitikia kwa kichwa. Mashine ikaunguruma tena. Kibogoyo aliutoa mkono wake taratibu, kisha akaunyoosha kuelekea mkobani.

"Shangazi," alisema, "basi nirudishie gundi yangu."