Makuti ya Mama Chiku

Leo skuli yetu ina bati, na bwana elimu akija kutoka Tanga, Jumbe Mwinyijuma humwambia kaijenga yeye. Namwacha aseme. Mwaka ule wa makuti alinivua nguo mbele ya watu, na sijasahau.

Mwanzo walisoma watoto wetu wa pwani tu. Kisha wakaruhusiwa wa kambi ya mkonge, Wamakonde, Wangoni, Wakristo kwa Waislamu, banda likawa dogo. Jumbe akatoa amri: kila mzazi alete makuti yaliyoshonwa, asiyeleta mwanawe abaki nyumbani. Nilimwendea nikamweleza kwamba mshonaji alikuwa mke wangu Saleha, na kaburi lake halijaota hata majani. Pilau ya hitima yake Jumbe alikula. Akasema amri ni amri.

Nikashona mwenyewe, mradi mwanangu Chiku asome. Siku ya kupeleka, Jumbe akainua kuti langu juani, akanichungulia katikati ya majani.

"Uweso, nakuona mpaka meno. Serikali imetaka paa, wewe umeleta dirisha."

Watu wakacheka, hata shemeji zangu. Chiku alikuwa pale na kibao chake cha kuandikia, anatazama chini. Jumbe akamwambia arudi nyumbani.

Nikageuka niondoke naye. Praxeda akatuzuia, mke wa Ernesti mkata mkonge. Kwao bara hakuna minazi. Alipohamia hapa hakujua kuti ni nini. Akakaa chini, akafumua kazi yangu, akaanza kukunja majani upya kwenye ufito, kila jani likilalia mwenziwe. Kila akikaza uzi wa majani ya miaa aliuzungusha kidoleni, akauvuta kwa meno, kichwa kimeinama kushoto. Saleha alikuwa akivuta hivyo.

"Kaa, Baba Chiku," akasema polepole. "Mama Chiku alinifundisha barazani kwako. Wewe ulikuwa ukipita tu."

Kicheko cha Jumbe hakikunichoma kama neno lile. Nikakaa mchangani, mtu mzima, wanaume wananitazama, nikashika ufito nikaelekezwa.

Kuti la mwisho Jumbe aliliinua juani, akakosa pa kuchungulia. Akalitupa kwenye rundo, akamwashiria Chiku aingie. Chiku akashikana mkono na Benedikta, binti wa Praxeda, wakaingia. Hakugeuka kunitazama, nami sikumwita.